Nyuki, nyigu au mavu: uanze kuzoeana na yupi?

Anayetaka kuzoeana na wadudu wenye mwiba huuliza kwanza yupi mpole na yupi mkali. Swali hilo humpoteza. Nyuki wa asali anayefyonza ua hukuacha umsogelee hadi shubiri moja, lakini nyuki huyohuyo akiwa mlangoni pa mzinga anaweza kukurukia ungali mbali. Kilichobadilika ni mahali. Pale mlangoni ana malkia, watoto na akiba ya chakula. Pale kwenye ua hana cha kutetea isipokuwa uhai wake. Kwa hiyo hapa tunawapima kwa mambo matatu: kama wana nyumba ya pamoja ya kulinda, mwiba wao unafanya kazi vipi, na ni wapi unapoweza kuwakaribia bila kuwatia hofu.

Kwa wote hawa, wanaouma ni majike peke yao. Mwiba ulitokana na kiungo cha kutagia mayai, kwa hiyo dume hana hata akitaka. Ukijifunza kumtofautisha dume na jike, nusu ya woga inaisha.

Jambo moja linatangulia uchaguzi wowote. Kama umewahi kuumwa ukapata vipele mwili mzima, midomo au ulimi kuvimba, pumzi kubana, kutapika au kizunguzungu, huo ni mzio mkali. Wewe chagua kutazama kwa mbali au nyuki wasio na mwiba, na uzungumze na daktari kuhusu sindano ya adrenalini ya kubeba. Dawa ya mzio ya vidonge haichukui nafasi yake. Mkono kuvimba pale palipoumwa, hata uvimbe ukawa mkubwa na ukakaa siku mbili tatu, ni jambo la kawaida na si dalili ileile.

| Mdudu | Nyumba | Mwiba | Mahali pa kuzoeana |
|---|---|---|---|
| Nyuki wapweke | Kila jike na tundu lake | Haumi mpaka abanwe | Palepale penye tundu |
| Nyuki wasiouma | Kundi kubwa | Haufanyi kazi. Huuma kwa meno | Mlangoni kwao |
| Nyuki wa asali | Makumi ya maelfu | Hubaki mwilini, nyuki hufa | Mauani na kwenye kisahani |
| Nyigu wa karatasi | Makumi, sega wazi | Huchoma na kurudia | Ubavuni mwa kiota, polepole |
| Nyigu wa tope | Jike mmoja | Hautumii kulinda kiota | Popote |
| Mavu na nyigu wa ardhini | Mamia hadi maelfu, kiota kimefunikwa | Huchoma na kurudia | Mbali na kiota tu |

Nyuki wapweke

Kati ya spishi zaidi ya 20,000 za nyuki duniani, nyingi haziishi kwa makundi. Jike anatafuta tundu, anaweka chavua iliyochanganywa na nekta, anataga yai moja, anaziba, anaanza chumba kingine. Hana jeshi wala akiba ya asali, na akifa yeye, kazi yake imekatika. Mdudu wa namna hiyo hawezi kumudu vita, kwa hiyo hukimbia. Ndiyo sababu tunampa nafasi ya kwanza kwa anayeanza.

Wanaoziba vyumba kwa tope hupenda tundu la upana wa milimita 8 hivi. Wanaokata majani kwa vipande vya mviringo, kama vile ya waridi, wengi huingia kwenye milimita 6. Kata matete au mianzi yenye urefu wa sentimita 15, upande wa nyuma ubaki umezibwa na pingili. Usikate mafupi. Jike hupanga mayai ya majike nyuma na ya madume mbele, kwa hiyo tete la sentimita 7 litakuletea madume tele na majike wachache, na msimu unaofuata utabaki bila wageni. Lainisha mdomo wa kila tete kwa msasa, maana vibanzi hupasua mabawa.

Funga matete 20 au 30 pamoja, uyaweke mita 1 hadi 2 kutoka chini, yakitazama jua la asubuhi, chini ya kipaa kinachotokeza sentimita 5 au zaidi. Yafunge yasicheze, kiota kinachoyumba na upepo hukataliwa. Mirija ya plastiki au kioo iache, kwa sababu unyevu hauna pa kutokea na ukungu hula chavua pamoja na mtoto. Na yale majumba makubwa yenye mamia ya matundu, ambayo watu hununua kwa uzuri wake, huwa soko la utitiri na vimelea. Vifurushi vidogo vitatu vilivyotawanywa, matete yakibadilishwa kila baada ya msimu, vinawafaa nyuki kuliko jumba moja.

Kuzoeana nao hakuhitaji chambo. Kaa pembeni mwa matete. Ukikaa mbele utaharibu ramani yake: jike hukariri sura ya mahali kabla ya kuondoka, na akirudi akakuta umbo jipya mbele ya mlango huzunguka hewani akitafuta, mzigo mzito ukiwa tumboni. Asubuhi yenye baridi, kabla jua halijawapasha misuli, utawaona wamekaa kwenye midomo ya matete, nyuso nje, vipapasio vikicheza. Hapo unaweza kuweka kidole mbele ya mmoja, bila kumgusa. Wengine hurudi ndani. Wengine hupanda kidoleni kwa sababu kina joto, hutetemesha kifua bila kupepea mabawa mpaka mwili upate moto, kisha huruka.

Nyuki seremala, yule mkubwa mweusi anayetoboa mbao, ni wa kundi hili na ndiye anayeogopwa bure kuliko wote. Anayekuja kusimama hewani mbele ya uso wako na kukukodolea macho ni dume akilinda eneo lake dhidi ya madume wengine. Hana mwiba. Katika spishi nyingi dume ana rangi tofauti na jike, manjano mwili mzima au doa jeupe usoni. Jike ana mwiba unaouma kweli, ila huutumia akishikwa. Tatizo lake ni mbao za nyumba. Mpe gogo kavu la mti laini, lisilopakwa rangi wala dawa, lenye unene wa sentimita 10 au zaidi, ulitundike mahali pakavu, halafu zipake rangi mbao unazotaka aziache. Anayelima mimea ya jamii ya nyanya au pasheni ana sababu ya ziada ya kumtunza. Mdudu huyu hukamata ua na kulitetemesha mpaka chavua imwagike, kazi ambayo nyuki wa asali haifanyi. Na ua la pasheni ni kubwa, linahitaji mgongo mpana kama wake.

Nyuki wasiouma

Hawa ni wadogo, wengine hawazidi ukubwa wa nzi wa matunda, na hukaa kwa makundi ndani ya miti, kuta au ardhi katika nchi za joto. Mwiba wao umedumaa. Ukiwachokoza huja kwa nywele, masikio na pembe za macho, na baadhi ya spishi huuma kwa meno kwa bidii. Kwa familia yenye watoto, ndio kundi pekee tunalolipendekeza kutazamwa mlangoni kwa karibu. Angalia kibomba cha nta na utomvu wanachojenga mlangoni: katika spishi nyingi walinzi hukaa wamezunguka ukingo wake, na wengine hukifunga usiku. Usikivunje ili uone ndani. Wataacha kukusanya chakula wakijenga upya, na siafu huitumia nafasi hiyo.

Nyuki wa asali

Hapa lazima tutenganishe mambo mawili. Kuzoeana na nyuki wa asali mbali na mzinga ni rahisi na kunaburudisha. Kukaribia mzinga bila vazi kwa jina la urafiki hatukushauri, hata ukisikia wapo wanaofanya hivyo. Ukali wa kundi unategemea nasaba, hali ya hewa, njaa na msimu, na unaweza kubadilika kati ya asubuhi na jioni. Nasaba peke yake ni jambo kubwa. Mwaka 1956 malkia kutoka Afrika walipelekwa Brazili kwa ajili ya uzazi, mwaka uliofuata makundi 26 yakatoroka, na ukali wa wajukuu zao ulisambaa karibu Amerika yote ya joto. Kwa macho huwezi kuwatofautisha na wale watulivu.

Mbali na mzinga, fanya hivi. Pima gramu 100 za sukari nyeupe na mililita 100 za maji, yeyusha kwa maji ya uvuguvugu, acha ipoe. Sukari guru na sukari ya kahawia zina mabaki yanayowaharisha. Asali ya dukani usiwape kabisa, kwa sababu inaweza kubeba vijimea vya ugonjwa unaoozesha watoto wa nyuki, na vijimea hivyo huishi miaka mingi. Mimina kijiko kimoja cha chai, si zaidi, kwenye kisahani chenye changarawe za kusimamia. Bila changarawe watazama. Weka kisahani jirani na maua ambayo tayari yana nyuki, juu ya kadi ya buluu au manjano. Mtafiti wa nyuki Karl von Frisch, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alitumia visahani na kadi za rangi kuonyesha kwamba nyuki huona rangi lakini nyekundu hawaioni. Kadi nyekundu kwao ni giza.

Nyuki wa kwanza akishapata, hunywa kwa dakika moja au mbili, hupaa akizunguka kukariri mahali, huenda kumwaga mzigo, hurudi. Mwache afanye safari kadhaa. Kisha ondoa kisahani, weka kidole palepale kikiwa na tone moja kwenye ncha. Tone moja ndilo takriban linalojaza tumbo lake la kubebea. Mkono uwe umeegemea kitu ili usitetemeke, usiwe na manukato wala mafuta yenye harufu. Atatua, atagusagusa ngozi kwa vipapasio, atatoa ulimi wa kahawia na kuuchovya, na tumbo litaanza kupanuka na kurudi, pete za mwili zikiachana kidogo kila anapovuta. Usimpulizie. Pumzi ya mnyama ni dalili ya hatari kwa nyuki, na wengi huumwa kwa sababu wamemsogelea wakimtazama huku wakimpumulia usoni.

Wanaoumwa katika zoezi hili karibu kila mara wamembana: kati ya vidole viwili, kwenye kikunjo cha kiwiko, chini ya mkanda wa saa. Kwa hiyo vua saa, kunja mikono ya shati juu kabisa au ifunge, na nywele zifunikwe kwa kitambaa laini cha rangi nyepesi. Akipanda juu mkononi mwache. Ukitaka aondoke, weka jani mbele yake alipande.

Kosa la pili ni ukarimu. Nyuki aliyepata sukari nyingi hucheza ngoma ya kuwaita wenzake, na kisahani cha kijiko kimoja kikijazwa kila saa kitakuwa na mamia. Sukari ikiisha ghafla wanaanza kukagua mikono, uso na vikombe. Penye mizinga jirani, vurugu hiyo huishia kwenye kuibiana asali na kuambukizana maradhi. Anza na kidogo, maliza kwa kuongeza maji katika sukari mpaka wapoteze hamu, ondoa kisahani jua likichwa, na usiweke chambo karibu na mzinga wa mtu.

Akikuuma, mwiba wake wenye meno yanayoelekea nyuma hubaki na kifuko kinachoendelea kusukuma sumu. Sehemu kubwa huingia ndani ya sekunde 20 hivi za kwanza, kwa hiyo utoe mara moja, kwa ukucha au kwa vidole, bila kupoteza muda kutafuta kadi ya kukwangulia. Kisha ondoka pale na uoshe ngozi. Mwiba huacha harufu inayofanana na ndizi mbivu, nayo huwaambia nyuki wengine mahali pa kushambulia. Kwa sababu hiyohiyo, usile ndizi kabla ya kwenda kwa nyuki.

Mwenye kuogopa sana aanze na nyuki dume, kama anamfahamu mfugaji atakayemtolea mmoja. Utamjua kwa macho makubwa yanayokutana utosini, mwili mnene na tumbo lililokatika butu nyuma. Hulia kwa sauti nzito ya kutisha, na hana mwiba. Mshike kwenye kiganja kilichofungwa nusu, uhisi ile mitetemo ndani ya mkono kwa dakika chache. Woga mwingi ni wa sauti, na zoezi hili huuondoa upesi kuliko maelezo.

Pumba la nyuki, yaani kundi linalohama, lililotua kwenye tawi mara nyingi ni tulivu, kwa kuwa nyuki wamejaza asali matumboni na hawana masega ya kulinda. Tunasema mara nyingi, si daima. Likikaa siku kadhaa na njaa, au likianza kujenga, utulivu unaisha. Mwite mfugaji.

Nyigu wa karatasi

Huyu ndiye tunayemheshimu kuliko wote katika orodha hii, na kwa mwenye subira ndiye mwalimu bora. Kiota chake ni sega moja wazi linaloning'inia kwa kikonyo chembamba, limetengenezwa kwa mbao zilizotafunwa, na unamwona kila mkaaji. Unaona pia anachotaka kukuambia, jambo ambalo mzinga hauwezi kukupa.

Kwanza vichwa vinageuka kukufuata. Huo ni umakini tu, baki ulipo. Halafu mwili unainuka juu ya miguu na mabawa yanatanuka kwa pembe. Rudi nyuma hatua moja, taratibu. Mabawa yakianza kupigapiga na miguu ya mbele ikainuliwa, umebakiwa na muda mfupi sana kabla ya mmoja kuruka. Anayesoma ishara hizi na kuzitii kwa kawaida haumwi. Anayesubiri aone kama wanatania huumwa, tena zaidi ya mara moja, kwa sababu mwiba wa nyigu ni laini na haubaki mwilini.

Wakati wa kuanza ni muhimu kuliko mbinu. Jike mwanzilishi akiwa peke yake na vyumba vichache huwa mwoga. Akisumbuliwa hupendelea kuruka kando. Kiota chenye vibarua wengi na funza waliokua ndicho chenye ukali wa kilele. Ukianza mapema, kundi linakua likiwa limekuzoea. Simama mita 3 ubavuni, si mbele ya njia yao ya kurukia, dakika kumi, saa ileile kila siku. Punguza nusu mita baada ya siku mbili au tatu ikiwa hakuna bawa lililoinuka. Kivuli chako kisipite juu ya kiota, na kiota kisiwe kwenye mlango unaobamizwa au bomba linalotikisika. Hapo hakuna mazoea yatakayosaidia.

Chakula kifikishe kwa kijiti cha sentimita 30, chini ya kiota. Funza wakiwa wengi, mkubwa hataki sukari bali nyama: kipande kibichi ukubwa wa punje ya mchele. Atakikata, atakifinyanga kuwa tonge, atapeleka kwa funza, nao humrudishia mate matamu. Katika nchi zenye baridi, mwisho wa msimu funza huisha na utamu huo unakatika, ndipo nyigu wanapovamia meza na vinywaji. Ni njaa inayowaleta. Kisahani cha sukari kikiwekwa mita kadhaa kutoka mezani huwavuta wengi, na vikombe vifunikwe, kwani nyigu akimezwa na kuuma koo ni dharura hata kwa asiye na mzio.

Mtafiti Elizabeth Tibbetts alionyesha mwaka 2002 kwamba nyigu wa spishi *Polistes fuscatus* hutambuana kwa alama za usoni. Hiyo ni baina yao. Kwako wewe, wanachozoea ni mwendo usiowahi kuwaletea madhara, kwa hiyo usimtume mgeni asimame ulipofika wewe baada ya wiki tatu.

Nyigu wa tope, mwembamba mwenye kiuno cha uzi, hana haja ya mpango wowote. Hujaza vyumba vyake vya udongo kwa buibui aliowapoozesha, na havilindi. Mwekee tope laini kwenye sinia asubuhi utazame akifinyanga kidonge na kuondoka nacho.

Kama bado hujaamua

Mwenye kibaraza kidogo achukue matete. Mwenye watoto, nyuki wasiouma au nyuki dume. Aliyekwisha kuwa na kiota kichanga cha nyigu wa karatasi mahali pasipopita watu, asikibomoe. Ana nafasi ambayo haitafutwi kwa fedha. Nyuki wa asali wanamfaa anayependa matokeo ya siku ileile na anayeweza kujizuia asiongeze sukari.

Mavu, na nyigu wa manjano na weusi wanaokaa shimoni, tunawaweka nje. Kiota chao kimefunikwa, kwa hiyo ishara huzioni, na mtikiso wa hatua au mashine ya kukata nyasi unatosha kuwatoa wote pamoja. Mmoja aliye peke yake kwenye tunda unaweza kumpa tone la sukari kwenye kijiti, naye atakunywa kwa utulivu kama nyigu mwingine yeyote. Usimfuate akirudi nyumbani.

Kundi lolote likikutokea, usipige mikono wala usijitupe majini, watakusubiri juu. Funika uso kwa shati, acha mdomo umefungwa, kimbia moja kwa moja bila kugeukageuka hadi ndani ya chumba au gari, ufunge hata kama wachache wameingia nawe. Aliyeumwa mara nyingi, hasa mtoto, apelekwe hospitali hata kama anajisikia vizuri, kwa sababu sumu nyingi inaweza kuharibu figo saa kadhaa baadaye.